Jérôme Lejeune, daktari aliyepinga matumizi ya ugunduzi wake

Katika vipindi vya afya ya mama na mtoto, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara kwenye simu na ujumbe wa wasikilizaji: je, ni kweli kwamba siku hizi kuna kipimo kinachoweza kumwambia mjamzito kama mtoto aliye tumboni atazaliwa na ulemavu? Na kama kipo, mtu apime au aache?

Swali la kwanza lina jibu fupi. Kipo, ingawa hakioni kila aina ya ulemavu. Swali la pili halina jibu la mkato, na atakayekupa jibu la mkato hajakutendea haki. Lakini yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yalizunguka swali hilo tangu ujanani hadi kaburini. Ukiyafahamu maisha yake utaelewa kwa nini madaktari, viongozi wa dini na wazazi hawajakubaliana hadi leo. Mtu huyo ni Profesa Jérôme Lejeune wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1994.

Alitaka kuwa daktari wa kijijini

Lejeune alizaliwa tarehe 13 Juni 1926 huko Montrouge, mji mdogo unaopakana na Paris upande wa kusini. Familia yake ilikuwa ya Kikatoliki. Ujana wake uliangukia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati majeshi ya Ujerumani yalipoikalia Ufaransa. Inasimuliwa kwamba akiwa bado mwanafunzi mdogo alisoma riwaya ya Balzac kuhusu daktari wa mashambani anayehudumia maskini, na tangu siku hiyo akajiwekea nia ya kuwa daktari wa namna hiyo, anayejua wagonjwa wake kaya kwa kaya.

Kijijini hakufika. Alisomea udaktari Paris, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanza utafiti jijini humo, chini ya Profesa Raymond Turpin, bingwa wa magonjwa ya watoto. Mwaka 1952 alimuoa Birthe Bringsted, binti wa Kidenmarki aliyekuwa Paris kujifunza Kifaransa. Walijaliwa watoto watano.

Turpin alimwelekeza kwenye kundi la watoto ambao madaktari wengi wa wakati ule hawakuona sababu ya kuhangaika nao. Ni watoto wenye hali inayoitwa sindromu ya Down, ambayo wengi wetu tunaijua kwa sura kuliko kwa jina. Macho yao yameinuka kidogo pembeni, uso ni bapa, misuli ni legelege wakiwa wachanga. Huchelewa kukaa, huchelewa kutembea na kusema, na uwezo wao wa kujifunza ni wa polepole. Wengi wana matatizo ya moyo. Jina Down linatokana na daktari wa Uingereza, John Langdon Down, aliyeieleza hali hiyo mwaka 1866. Kwa bahati mbaya yeye alidhani watoto hao wanafanana na watu wa Mongolia, na kwa miaka mia moja dunia nzima ikawaita kwa jina la taifa la watu wasiohusika kabisa.

Jina lilikuwa dogo ukilinganisha na lawama. Ulaya ya wakati ule ilikuwa na minong'ono yake: kwamba mama alikuwa na kaswende, kwamba alikuwa mlevi, kwamba ukoo una doa. Msikilizaji, hapa kwetu minong'ono hiyo tunaifahamu, ila ina majina mengine. Mama amerogwa. Mama amevunja mwiko. Mama alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Vyovyote iwavyo, kidole huelekezwa kwa mama. Lejeune alikutana na wazazi walioficha watoto wao ndani, na wazazi walioshauriwa na madaktari wawapeleke katika taasisi na kuwasahau.

Mistari ya kiganja

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuangalia viganja. Yeye na Turpin walichunguza alama za vidole na mistari ya mikono ya watoto hao. Waliona kwamba wengi wana mstari mmoja unaokatiza kiganja chote, mahali ambapo watu wengi wana miwili. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini mistari ya kiganja hujichora mtoto akiwa bado tumboni, katika miezi ya mwanzo ya mimba. Basi chochote kinachosababisha hali hii kilitokea mapema sana, kabla mama hajaanza hata kuonekana kuwa ana mimba. Turpin alikuwa na wazo, tangu miaka ya 1930, kwamba kisa kiko kwenye kromosomu.

Kromosomu ni nini? Kila chembe ya mwili wako ina vifurushi vidogo vilivyobeba maelekezo ya namna ya kukujenga: rangi ya macho, kundi la damu, urefu, na mengine maelfu. Vifurushi hivyo ndivyo kromosomu. Binadamu ana 46, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, vikiwa jozi 23. Leo mwanafunzi wa sekondari anajua hilo, lakini hadi mwaka 1956 vitabu vilisema ni 48. Watafiti Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakiwa Lund nchini Sweden, ndio waliohesabu vizuri na kupata 46. Baada ya hapo ikawezekana kuuliza: je, watoto wenye hali ya Down wanazo ngapi?

Mwanamke aliyesahaulika

Hapa lazima nimtaje mtu ambaye kwa miaka hamsini hakutajwa ipasavyo. Anaitwa Marthe Gautier. Alikuwa daktari wa watoto, mtoto wa familia ya wakulima, na alikuwa amerudi kutoka Harvard, Marekani, alikojifunza ufundi wa kukuza chembe za mwili ndani ya chupa. Ufundi huo ndani ya hospitali ya Trousseau jijini Paris hakuwa nao mwingine. Gautier alijitolea kuanzisha maabara hiyo. Alipewa chumba, si fedha. Akakopa ili anunue vyombo vya kioo. Kulisha chembe zile alitumia plasma ya damu ya jogoo, na pale ilipohitajika seramu ya binadamu, alijitoa damu mwenyewe. Nani angedhani kwamba jogoo ana nafasi katika historia ya elimu ya jeni?

Mwaka 1958 kazi ilizaa matunda. Katika chembe za mtoto mwenye hali ya Down zilionekana kromosomu 47. Gautier alikuwa na hadubini isiyoweza kupiga picha, hivyo Lejeune alichukua vioo vile kwenda kupiga picha mahali palipokuwa na vifaa bora. Baadaye mwaka huo Lejeune alikuwa Montreal, Kanada, na akautangaza ugunduzi huo mbele ya wataalamu. Tarehe 26 Januari 1959 taarifa rasmi iliwasilishwa katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Jina la kwanza lilikuwa la Lejeune, la mwisho la Turpin. La Gautier liliwekwa katikati, tena likiwa limekosewa.

Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, Gautier alieleza hadharani upande wake. Mwaka 2014 kamati ya maadili ya taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Ufaransa, Inserm, ilitoa maoni kwamba ugunduzi ule usingewezekana bila Gautier na Turpin, na kwamba katika hatua ile ya mwanzo mchango wa Lejeune yaelekea haukuwa mkubwa kuliko wa wengine. Watetezi wa Lejeune hawakubali, na huonyesha daftari lake la maabara na barua za wakati ule. Kwangu mimi jambo moja halina utata: aliyekuza chembe ndiye aliyepaswa kuwa mbele au angalau pembeni ya aliyepiga picha. Gautier alifariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 96.

Kwa vyovyote, jina lililopaa ni la Lejeune. Mwaka 1962 alipokea tuzo ya Wakfu wa Kennedy kutoka kwa Rais John F. Kennedy mwenyewe, ambaye dada yake alikuwa na ulemavu wa akili. Mwaka 1963 aligundua chanzo cha hali nyingine, ambayo mtoto mchanga hulia kama paka: kipande cha kromosomu ya 5 kimepotea. Mwaka 1964 akawa profesa wa kwanza wa elimu ya msingi ya jeni katika Kitivo cha Tiba cha Paris.

Mama hana kosa

Kromosomu iliyozidi ni ya jozi ya 21, mojawapo ya zile ndogo kabisa. Mtu wa kawaida anazo mbili, mwenye hali ya Down anazo tatu. Hii ndiyo sababu Siku ya Down Duniani huadhimishwa tarehe 21 mwezi wa 3.

Namna inavyotokea ni hivi. Yai la mama, au mbegu ya baba, linapotengenezwa, kila jozi inatakiwa igawanyike, moja iende huku na nyingine kule. Mara chache jozi ya 21 inashindwa kuachana. Yai linabaki na mbili, na mbegu ikileta ya kwake zinakuwa tatu. Karibu kesi zote ziko hivyo. Haitokani na chakula, wala kazi nzito, wala dawa ya uzazi wa mpango, wala jicho la mtu. Ni sehemu ndogo tu ya kesi zinazorithiwa katika familia.

Kinachoongeza uwezekano ni umri wa mama. Akiwa na miaka 25 ni takriban mtoto mmoja kati ya 1,200. Akifika 35 ni mmoja kati ya 350 hivi. Akifika 40 ni mmoja kati ya 100, na akiwa na 45 ni mmoja kati ya 30. Hata hivyo watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na mama vijana, kwa sababu vijana ndio wanaozaa zaidi.

Lejeune alitumia miaka yake akiwaeleza wazazi maneno hayo, mmoja baada ya mwingine. Wagonjwa wake wakawa maelfu, wakitoka Ufaransa na nje. Waliomfahamu wanasema aliwaita kwa majina yao, na alizungumza na mtoto kwanza kabla ya kuzungumza na mzazi. Kwa mama aliyebeba lawama kwa miaka kumi, kuonyeshwa picha ya kromosomu na kuambiwa kwamba hakukosea chochote kulikuwa ni mzigo kushushwa kichwani. Nadhani ugunduzi ule ungeishia hapo tu ungekuwa umefanya kazi kubwa ya kutosha.

Haukuishia hapo.

Kipimo kinazaliwa

Ukishajua kuhesabu kromosomu za mtoto aliyezaliwa, hatua inayofuata ni kuzihesabu kabla hajazaliwa. Mtoto tumboni anaelea ndani ya maji ya chupa ya uzazi, na ndani ya maji yale kuna chembe zilizotoka mwilini mwake. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba chembe hizo zinaweza kukuzwa na kuhesabiwa kromosomu. Mwaka 1968 hali ya Down ikagunduliwa kwa njia hiyo kwa mtoto aliye bado tumboni. Daktari anaingiza sindano ndefu tumboni mwa mama, anavuta maji kidogo, maabara inahesabu.

Dawa ya kuiondoa kromosomu iliyozidi haikuwepo, na mpaka leo haipo. Kwa hiyo mama aliyepewa jibu kwamba mtoto ana hali hiyo alibaki na njia mbili: kuendelea na mimba au kuitoa. Na nchi za Magharibi zilikuwa katika miaka ileile zikibadili sheria za kutoa mimba.

Lejeune aliona kinachokuja. Mwaka 1969 alialikwa San Francisco kupokea tuzo ya William Allan, heshima ya juu kabisa ya chama cha wataalamu wa jeni wa Marekani. Badala ya kushukuru na kushuka jukwaani, aliwaambia wenzake kwamba daktari anayemtafuta mgonjwa ili amwondoe, badala ya kumtibu, ameacha kazi ya udaktari. Ukumbi ulipoa. Inaelezwa kwamba usiku huo alimwandikia mkewe kwamba siku hiyo ameipoteza Tuzo ya Nobel. Kama alikuwa katika orodha au hakuwa, Nobel hakuipata.

Nyumbani Ufaransa mambo yalikuwa makali zaidi. Mikutano yake ilivurugwa, naye akazidi kusafiri na kuhutubia. Upande wa pili alikuwepo Simone Veil, Waziri wa Afya, mwanamke aliyenusurika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Veil hakuwa mtu wa kuchezea uhai. Hoja yake ilikuwa kwamba wanawake wa Ufaransa tayari wanatoa mimba kwa siri, wanaumia na wengine wanakufa, na sheria isiyotazama hali hiyo haimlindi mtu. Sheria yake ilipita tarehe 17 Januari 1975. Iliruhusu pia mimba kutolewa katika hatua yoyote ikiwa madaktari wamethibitisha kwamba mtoto ana ugonjwa mzito usiotibika. Hali ya Down ikahesabiwa humo.

Tusimfanye Lejeune malaika, wala wapinzani wake mashetani. Wapo wazazi waliomwambia kwamba yeye huenda nyumbani jioni na wao hubaki na mtoto usiku na mchana, na kwamba watakapokufa hawajui nani atamtunza. Wapo madaktari wenzake walioamini kwa dhati kwamba mama ana haki ya kujua kilicho mwilini mwake na kuamua mwenyewe. Naye Lejeune alikuwa na jibu ambalo halikubadilika: aliyebeba kromosomu 47 ni mgonjwa wake sawa na mwingine yeyote, na hasara ya kutompata mtu wa kumtunza ni deni la jamii, si kosa la mtoto. Hakuchukia elimu ya kupima. Aliogopa kupima kusikoambatana na nia ya kutibu, na kwa hiyo alitafuta tiba hadi mwisho wa maisha yake, akijaribu hiki na kile. Hakuipata.

Vipimo vya leo, na yanayotuhusu

Tangu wakati wa Lejeune vipimo vimesogea mbele. Vimegawanyika makundi mawili, na kuyachanganya ndiko kunakowaponza watu wengi.

Kundi la kwanza ni la kuchuja. Hapa kuna ultrasaundi ya kupima unene wa ngozi ya nyuma ya shingo ya mtoto, kati ya wiki ya 11 na ya 14, pamoja na vipimo vya damu ya mama. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake waligundua kwamba vinasaba vya mtoto huelea ndani ya damu ya mama. Kutokana na ugunduzi huo, tangu mwaka 2011 kumekuwa na kipimo cha damu ya mkononi kinachofanyika kuanzia wiki ya 10. Hakina sindano ya tumboni, hivyo hakimdhuru mtoto. Lakini kinachotoa ni uwezekano, si hukumu.

Ngoja nieleze kwa hesabu. Chukulia mama vijana 10,000, na kati ya mimba zao 10 zina hali ya Down. Kipimo kinawapata karibu wote kumi. Lakini kama kinakosea mara moja tu katika kila mia kumi, kitawatisha pia mama wengine kumi ambao watoto wao hawana tatizo. Sasa wako ishirini wanaolia, na nusu yao wanalia bure. Ndiyo maana daktari mwangalifu hatakubali uamuzi wowote mzito ufanyike kwa jibu la kuchuja peke yake.

Kundi la pili ni la kuthibitisha. Hapo ndipo inapokuja sindano ya maji ya uzazi, kuanzia wiki ya 15, au kuchukua kipande kidogo cha kondo la nyuma, karibu na wiki ya 11 hadi 13. Majibu yake ni ya kuaminika sana, lakini kuna hatari ndogo ya mimba kuharibika, chini ya moja kati ya mia mikononi mwa mtaalamu aliyezoea.

Kwenye zahanati zetu vijijini vipimo hivi havimo katika orodha ya kawaida. Unapokwenda kliniki kwa mara ya kwanza unapimwa wingi wa damu, kaswende, virusi vya UKIMWI, malaria, mkojo na shinikizo la damu, na hivyo vyote vina hatua ya kuchukua siku hiyohiyo. Tafadhali usiviache hivyo ukikimbilia cha vinasaba. Wanaokutana na kipimo cha vinasaba ni wale wanaokwenda baadhi ya hospitali binafsi za mijini, ambako damu huweza kupelekwa maabara za nje ya nchi kwa gharama kubwa, au ndugu zetu wanaoishi ng'ambo, ambao huambiwa na muuguzi kwamba ni utaratibu tu na kutakiwa kusaini. Si utaratibu tu. Una haki ya kuuliza kinapima nini na kukataa.

Sheria ya Tanzania hairuhusu kutoa mimba isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama. Basi msikilizaji atauliza, kuna faida gani ya kujua? Kwa baadhi ya familia ipo. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na tatizo la moyo. Anayejua mapema anaweza kupanga kujifungulia hospitali kubwa, na mtoto akapimwa moyo mapema na kupewa rufaa, kwa mfano Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, ambako watoto hufanyiwa upasuaji. Wengine wanataka muda wa kuizoesha mioyo yao, na kuwaandaa bibi na shangazi kabla maneno hayajaanza mtaani. Na wapo wanaosema wazi kwamba kujua kutawanyima usingizi miezi sita bila kubadilisha chochote, nao wanaacha. Nimesikia sababu zote hizo na sioni ya kuicheka.

Kinachosaidia ni baba na mama kuzungumza kabla ya damu kuchukuliwa, wala si siku ya majibu. Jibu likiwa baya tutafanya nini? Likiwa baya kwa kipimo cha kuchuja, tutakubali sindano au tutasubiri mtoto azaliwe? Nani mwingine ataambiwa? Kama hamna majibu ya maswali hayo, kipimo hakitawapa.

Kwa ugonjwa wa selimundu hali ni tofauti, na kwetu unatugusa zaidi, maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa nao. Selimundu hurithiwa. Kama baba na mama wote wamebeba vinasaba vyake bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa mtoto kuugua. Hilo mnaweza kulijua kwa kipimo cha damu yenu wenyewe, hata kabla ya ndoa, bila kuligusa tumbo la mtu. Na tofauti na kromosomu ya Lejeune, selimundu ina dawa zinazopunguza makali, zikianza mapema.

Miaka ya mwisho

Lejeune alikuwa karibu na Papa Yohane Paulo wa Pili. Mwaka 1981 Papa alimtuma Moscow kumweleza kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, Leonid Brezhnev, madhara ya vita vya nyuklia, jambo alilolijua kwa sababu aliwahi kuchunguza athari za mionzi kwa vinasaba. Tarehe 13 Mei mwaka huohuo yeye na mkewe walikula chakula cha mchana na Papa mjini Vatikani. Saa chache baadaye Papa alipigwa risasi uwanjani.

Mapema mwaka 1994 Papa alimteua kuwa rais wa kwanza wa chuo cha Kanisa kinachoshughulikia masuala ya uhai. Wakati huo Lejeune alikuwa tayari anaumwa saratani ya mapafu. Alifariki tarehe 3 Aprili 1994, siku ya Pasaka, akiwa na miaka 67. Mazishi yake yalianzia kanisa kuu la Notre-Dame, na miongoni mwa waliohudhuria walikuwemo wagonjwa wake. Mmoja wao, mwenye hali ya Down, alizungumza mbele ya umati na kumshukuru. Agosti 1997 Papa, akiwa Paris kwa Siku ya Vijana Duniani, alikwenda kusali kwenye kaburi lake katika kijiji cha Chalo-Saint-Mars, na baadhi ya Wafaransa walimlaumu kwa safari hiyo. Mwaka 2021 Papa Fransisko alimpa Lejeune cheo cha Mtumishi Mheshimiwa, hatua moja katika njia ndefu ya kutangazwa mtakatifu.

Baada ya kifo chake familia na marafiki walianzisha wakfu wenye jina lake, na Paris kuna kliniki inayowatibu watu wenye hali ya Down, wakiwemo wazee. Hilo la wazee ni jambo jipya. Nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtu mwenye hali hii alitarajiwa kuishi kama miaka 25, na sasa wengi wanafika 60, hasa kwa sababu ya upasuaji wa moyo. Na katika jiji hilohilo la Paris, kila mjamzito anayekwenda kliniki hupewa nafasi ya kupimwa kama mtoto wake ana kromosomu ile ya tatu, naye huamua kukubali au kukataa.